Alan Blumlein, mhandisi aliyeyapa kazi masikio yetu yote mawili

Jumapili tarehe 7 Juni 1942, saa kumi za alasiri zikiwa zimepita kidogo, ndege ya kijeshi aina ya Halifax ilianguka ikiwaka moto karibu na kijiji cha Welsh Bicknor, mpakani mwa Uingereza na Wales. Watu wote 11 waliokuwa ndani walikufa. Mmoja wao hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mhandisi wa kampuni ya muziki, mwenye umri wa miaka 38, mume wa mwalimu wa shule na baba wa wavulana wawili wadogo. Jina lake Alan Dower Blumlein.

Vita ya pili ya dunia ilikuwa imepamba moto, na kazi iliyompandisha ndani ya ndege ile ilikuwa siri ya serikali. Kwa hiyo kifo chake hakikutangazwa namna vifo vya watu wakubwa vinavyotangazwa. Ndiyo maana watu wengi wanaotumia kazi ya akili yake kila siku hawajawahi kusikia jina lake.

Ndugu msomaji, fanya jaribio dogo. Chukua ekuteri zako, weka wimbo wa rumba uliorekodiwa vizuri, na usubiri sebene ianze. Mara nyingi utasikia gita la solo likilia upande mmoja, mi-solo likilijibu upande mwingine, na mwimbaji yuko katikati, kana kwamba amesimama mbele ya paji la uso wako. Sasa toa ekuteri moja. Nusu ya orkestra imeondoka. Motari anayesubiri mteja pale Birere, mwanafunzi wa Bukavu aliyejifungia chumbani, mama anayepika huku simu ikiimba kandokando ya jiko, wote wanajua kitu hicho hata kama hawajui kinavyofanya kazi. Kinaitwa stereo. Kabla yake, muziki wote uliorekodiwa ulitoka pahali pamoja, umefungwa kama mzigo wa kuni.

Wamarekani wa maabara ya Bell nao walikuwa wakitafuta njia hiyo katika miaka hiyo hiyo. Lakini mtu aliyeiandika kwa ukamilifu, tangu mikro mpaka diski mpaka bafle, alikuwa Blumlein, naye alifanya hivyo mwaka wa 1931, akiwa na miaka 28.

Fakture ya kengele

Alizaliwa London, mtaa wa Hampstead, tarehe 29 Juni 1903. Damu yake ilikuwa imechanganyika. Baba yake, Semmy Blumlein, alikuwa mzaliwa wa Ujerumani aliyepata uraia wa Uingereza, mhandisi wa mambo ya migodi. Mama yake, Jessie Dower, alikuwa na mizizi upande wetu wa dunia: alikuwa binti wa William Dower, mmisionari kutoka Scotland aliyetumika kwa miaka mingi kusini mwa Afrika, kati ya Wagriqua wa Kokstad. Jina Dower, ambalo Alan alilibeba katikati ya majina yake, linatoka kwa babu huyo.

Familia ilihifadhi kumbukumbu moja ya utoto wake. Akiwa na miaka saba, kengele ya mlango wa nyumbani iliharibika. Mtoto akaitengeneza. Kisha akamwandikia baba yake fakture, na chini yake akatia jina lake na cheo: mhandisi wa umeme. Baba alilipa.

Shuleni hakuwa kijana wa kusifiwa kwa kila kitu. Kusoma kulimshinda kwa muda mrefu, na ndani ya familia ilisemwa kwamba alifikia karibu miaka 12 bila kusoma vizuri. Yeye alipokumbushwa jambo hilo ukubwani alikubali, ila aliongeza kwamba kufikia umri huo alikuwa anajua hesabu ambazo wenzake hawakuwa wameanza. Wazazi wenye mtoto wa namna hii nyumbani, anayefungua redio zote na kukimbia daftari, wataelewa. Baba yake alifariki mwaka wa 1914, hakuona fakture ile ilimfikisha wapi mwanawe.

Baada ya masomo ya sekondari kwenye shule ya Highgate, alipata nafasi katika chuo cha City and Guilds, ambacho kilikuwa sehemu ya Imperial College ya London. Alimaliza mwaka wa 1923, kwa daraja la kwanza, na mwaka uliofuata aliingia kazini kwenye kampuni ya simu. Kazi yake ilihusu nyaya ndefu za simu, zile zinazopita kutoka mji mpaka mji na nchi mpaka nchi. Tatizo lao lilikuwa kwamba maneno ya watu wawili wanaoongea kwenye waya mmoja yaliingilia waya wa jirani. Alilipunguza. Ukifikiri vizuri utaona kwamba maisha yake yote yalizunguka jambo hilo: namna ya kuzuia sauti zisichanganyikane, kila moja ibaki pahali pake.

Muziki na mfuko wa kampuni

Mwezi Machi 1929 aliingia kampuni ya diski ya Columbia, chini ya Isaac Shoenberg, mhandisi mwenye asili ya Urusi ambaye alikuja kuwa mkubwa wake mpaka mwisho. Blumlein aliupenda muziki, lakini muziki haukumpenda kwa namna hiyo hiyo: alijaribu kujifunza piano akaacha. Vidole havikufuata masikio. Wako watu wengi wa aina hiyo kwenye makanisa na kwenye orkestra zetu, wanaoishia nyuma ya meza ya kurekebisha sauti, na mara nyingi bila wao tamasha haliendi.

Alikabidhiwa kwanza shida ya mali, siyo ya sanaa. Wakati huo chombo bora cha kuchonga sauti kwenye diski kililindwa na hati za uvumbuzi za Wamarekani, na Columbia ilikuwa ikiwalipa kwa kila diski inayouzwa. Shoenberg alitaka njia nyingine isiyogusa hati hizo. Blumlein, akisaidiana na mwenzake Herbert Holman, alitengeneza chombo kipya cha kuchongea na mikro mpya, vyote vikitumia koili inayotembea ndani ya sumaku. Malipo kwa Wamarekani yakakoma, na sauti ikawa safi kuliko ya zamani. Mwaka wa 1931 Columbia iliungana na kampuni ya Gramophone, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza, ikazaliwa EMI.

Katika kipindi hicho alikuwa akitembea na msichana mwalimu aitwaye Doreen Lane, waliyekutana naye mwaka wa 1930. Marafiki walimtania Doreen kwamba bwana huyu ana ugonjwa wake: havumilii watu ambao akili zao si za daraja la kwanza. Doreen hakuogopa. Walichumbiana zaidi ya miaka miwili, wakafunga ndoa mwaka wa 1933.

Doreen ndiye alikuwa pembeni yake siku ile ya sinema. Filimu zenye sauti zilikuwa bado jambo jipya. Blumlein, badala ya kufuata hadithi, alikereka. Mchezaji alitembea kutoka ukingo mmoja wa kitambaa mpaka ukingo mwingine, lakini sauti yake haikutembea naye. Ilibaki imeganda kwenye bafle moja. Alimuuliza mpenzi wake kama naye ameliona jambo hilo, kisha akamwambia kwamba anayo njia ya kulitengeneza.

Binadamu hujua sauti inatoka wapi kwa sababu ana masikio mawili yaliyoachana. Mtu akikuita kutoka kushoto, sauti hufika sikio la kushoto mapema kidogo na kwa nguvu zaidi, na ubongo unafanya hesabu bila wewe kujua. Blumlein alitaka mashine itunze tofauti hiyo. Aliweka mikro mbili karibu karibu, zikitazama pande tofauti, na kila moja ikapeleka habari yake kwa njia yake mpaka kwenye bafle yake.

Ugumu ulikuwa kwenye diski. Mfereji ni mmoja, sindano ni moja: utaingizaje sauti mbili humo bila kuzichanganya? Jibu lake ni zuri sana, na ukishalielewa unashangaa kwamba halikuonekana mapema. Mfereji wa diski una kuta mbili, zilizoinama kama herufi V. Ukuta mmoja ubebe sauti ya kushoto, ukuta wa pili ubebe sauti ya kulia, na kwa kuwa kuta hizo zimekutana kwa pembe ya digrii 90, sindano inaweza kusukumwa na ukuta mmoja bila kuusumbua mwingine.

Tarehe 14 Desemba 1931 aliweka ombi la hati ya uvumbuzi, ambalo lilikubaliwa katikati ya mwaka wa 1933 na kupewa namba 394,325. Ndani yake kuna vipengele 70. Neno stereo halikuwa lake. Yeye alisema sauti ya masikio mawili.

Mozart, kisha kabati

Mwisho wa mwaka wa 1933 diski za kwanza za majaribio zilichongwa huko Hayes, magharibi mwa London, kwenye majengo ya EMI. Hakukuwa na muziki wa maana. Wahandisi walitembea jukwaani huku wakiongea, ili wasikie kama sauti inawafuata. Ilifuata. Mwezi Januari 1934 walihamia studio za Abbey Road, zile ambazo miaka 30 baadaye zilijulikana dunia nzima kwa sababu ya Beatles. Sir Thomas Beecham alikuwa anaiongoza orkestra ya London Philharmonic katika simfoni ya Mozart iitwayo Jupiter, na Blumlein na timu yake wakaweka mikro zao mbili. Diski hizo zipo mpaka leo. Violini ziko upande wao, vyombo vizito upande wao.

Halafu EMI ikafunga kabati.

Ni rahisi leo kuwalaumu wakubwa wa kampuni, nami nilipoanza kusoma habari hii niliwalaumu. Lakini dunia ilikuwa katika mporomoko mkubwa wa uchumi, diski za kawaida zenyewe zilikosa wanunuzi, na stereo ilidai kila mnunuzi abadilishe mashine yake nzima nyumbani. Zaidi ya hayo, kazi nyingine ilikuwa mlangoni: televisheni. Blumlein aliwekwa kwenye timu ya Shoenberg iliyokuwa ikijenga mfumo mpya wa picha wa mistari 405. Mpinzani wao, John Logie Baird, alikuwa na mistari 240. Shirika la BBC lilianza matangazo ya televisheni tarehe 2 Novemba 1936 kutoka Alexandra Palace, mifumo yote miwili ikipokezana zamu. Miezi michache tu, wa Baird ukawekwa pembeni. Mwezi Mei 1937 watu walitazama nyumbani kwao msafara wa kutawazwa kwa mfalme George wa Sita. Mistari ile 405 iliendelea kutumika Uingereza mpaka miaka ya 1980.

Hati zilizobeba jina la Blumlein zilifika 128. Ukiigawa hesabu hiyo kwa miaka yake ya kazi, haifiki miezi miwili kwa kila moja.

Nyumbani alikuwa mtu wa namna gani? Waliishi Ealing, kwenye njia iitwayo The Ridings, na wavulana wawili wakazaliwa. Alipenda kupanda farasi na kuogelea. Alipenda pia kuruka angani: alijifunza urubani na kuendesha ndege ndogo kwenye kiwanja cha Stag Lane. Mashine yoyote ilimvuta, hata mitambo ya kuongoza treni stesheni.

Vita ilipokuja, masikio yake mawili yaligeuzwa silaha. Kifaa kimoja cha EMI alichoshughulikia kilisaidia askari wa mizinga kutambua upande ambao ndege ya adui inatokea usiku kwa mlio wake tu, hesabu ile ile ya kushoto na kulia. Kisha akaingia kwenye rada za ndege. Mwaka wa 1942 EMI ilikuwa ikisaidia kutengeneza rada iliyopewa jina la siri H2S. Rada hiyo ilitazama chini na kumwonyesha rubani ramani ya ardhi, mito na miji, hata kukiwa na giza na mawingu. Uingereza iliitaka haraka sana, kwa kuwa ndege zake nyingi zilikuwa zikidondosha mabomu mbali na shabaha.

Sitapita pembeni ya jambo hili. Chombo hicho kilisaidia kupiga miji ya Ujerumani, nchi alikozaliwa baba yake. Kilipotumika mara ya kwanza, usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Januari 1943, shabaha ilikuwa Hamburg. Blumlein hakuwepo tena.

Alikuwa amekwenda mwenyewe kuona kifaa kikifanya kazi angani, pamoja na wenzake wawili wa EMI, Cecil Browne na Frank Blythen. Ndege iliondoka kwenye kiwanja cha Defford. Ikiwa hewani, injini ya nje ya upande wa kulia ilishika moto. Rubani alitafuta pa kutua, lakini moto ulikula bawa, na ndege ilipokuwa imekaribia ardhi bawa likakatika.

Uchunguzi ulifuatilia chanzo mpaka kwenye nati moja. Fundi aliyeikagua injini hakuikaza sawasawa. Nati ikalegea, vali ikavunjika, petroli ikawaka. Nimeandika habari za ajali nyingi za magari na za mashua kwenye Ziwa Kivu, na sentensi ya aina hiyo naifahamu. Hapa aliyekuwa ndani ya ndege ni mtu aliyepima kila kitu mara mbili.

Bernard Lovell, kijana mwanasayansi aliyeongoza kundi la H2S na ambaye baadaye alijenga darubini kubwa ya Jodrell Bank, alifika usiku huo pahali pa ajali kutafuta kilichobaki cha kifaa chao, maana siri isingeweza kulala porini. Waziri mkuu Churchill alitaka kazi iendelee bila kuchelewa, ikaendelea. Doreen alibaki mjane, na watoto wawili wasioweza kuelezwa baba yao alikuwa akifanya nini ndani ya ndege ile.

Diski za stereo zilianza kuuzwa madukani mwaka wa 1958, zikiwa na mfereji wenye kuta mbili za pembe ya 90, kama alivyochora. Wamarekani ndio waliozisukuma sokoni. Muda wa hati yake ulikuwa umekwisha. Studio moja baada ya nyingine, dunia nzima, zilibadilisha mashine, na rumba yetu nayo, iliyokuwa imeanza kwenye diski za sauti moja, ikapata kushoto na kulia.

Jina lake lilirudi taratibu. Mwaka wa 1977 kibao cha buluu kiliwekwa kwenye ukuta wa nyumba namba 37 ya The Ridings. Vitabu viwili vya maisha yake vilitoka karibu na mwaka wa 2000, zaidi ya nusu karne baada ya kifo. Mwaka wa 2015 wahandisi wa umeme waliweka kibao kingine pale Abbey Road, na mwaka wa 2017 akapewa tuzo ya Grammy ya ufundi, miaka 75 tangu ndege ile ianguke.

Kwenye intaneti mtu anaweza kuitazama moja ya filimu fupi ambazo timu yake ilizipiga mwaka wa 1935 kwa ajili ya ile shida ya sinema. Inadumu dakika tano hivi. Hakuna mchezaji wala hadithi ndani yake, ila stesheni ya Hayes tu, katika rangi nyeusi na nyeupe. Weka ekuteri zote mbili. Treni inaingia upande mmoja wa picha, inapita, inatokea upande wa pili, na mlio wake unakwenda nayo.